Mwaka wa kafyu, talaka ya wazazi wangu na mvulana wa duka la wakala (Amu, yaani Lamu, 2014)

#1 Binti_Tekani

Assalamu alaykum. Wasio wa salamu hii, habari zenu.

Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite. Dadangu ameachika mwezi uliopita. Ana binti wa miaka 15. Alhamisi nilikwenda kwao nikamkuta mtoto amekaa ngazini, simu ameifunika kifuani kwa viganja viwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Akaniamkia bila kuinua uso. Sikumuuliza kitu. Nilipita hadi jikoni, nikasimama mbele ya sufuria ya mbaazi nikasahau nilichofuata. Maana ngazi ni ile ile, nyumba ni ya mama yetu, na daraja ya nne kutoka juu ndipo nilipokuwa nikikaa mimi nilipokuwa na miaka 16.

Nataka kuzungumza naye na sijui nianzie wapi. Basi naanza kwenu.

Mnaoikumbuka Amu ya 2014 mnajua. Juni Mpeketoni ikashambuliwa, watu wakauawa. Julai serikali ikatangaza kafyu kaunti nzima, kumi na mbili unusu jioni hadi kumi na mbili unusu asubuhi. Wavuvi wa usiku wakakaa bure. Wageni walikuwa wameshaanza kukimbia. Baba yangu ni fundi wa nakshi, anachonga milango na makasha, na wateja wake wakubwa walikuwa wenye majumba ya Shela. Mlango mmoja wa mbambakofi ulibaki karakanani umechongwa nusu: upande wa kulia maua yamekamilika, upande wa kushoto mbao tupu yenye mistari ya penseli. Mwenyewe alipiga simu kutoka kwao Ulaya akasema tungoje hali itulie. Mlango uko hadi leo. Tumeulaza juu ya matofali, tunapangia ndoo.

Kabla ya kafyu wazazi wangu waligombana kama watu wote. Baba akikasirika alitoka, akaenda Mkunguni mbele ya ngome kukaa na wenziwe, kahawa mbili tatu, bao, akarudi saa nne hasira zimepoa. Kafyu ikamnyang'anya Mkunguni. Ikifika kumi na mbili unusu mlango unatiwa komeo, na watu wawili wasio na pesa wako ndani pamoja saa kumi na mbili nzima. Mimi husema, na dadangu hapendi nikisema, kwamba wazazi wetu waliachanishwa na saa.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Septemba. Neno sikulisikia, nilisikia kimya kilicholifuata. Kisha mlio wa kabati. Nyumba ni ya mama, alipewa na babake alipoolewa, kwa hivyo wa kutoka ni mwanamume. Baba akajaza begi, akashuka, akafika mlangoni, akashika komeo, na hapo akakumbuka. Saa tatu ya usiku. Nje askari.

Mtu ameshatoa talaka, begi liko mkononi, na hawezi kutoka. Alikaa tekani, pale kati ya mlango na kiwanda, yaani ua wa ndani, juu ya begi lake, hadi alfajiri. Kama saa nane nikampelekea maji. Akanywa, akanirudishia bilauri, akasema, "Mwambie mamako taa ya kiwandani inawaka bure."

Nikapanda nikamwambia mama. Mama akasema, "Mwambie aizime mwenyewe."

Hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza kubeba. Nitaendelea baadaye, mwanangu anarudi chuoni, madrasa, saa hizi na hajala.

#2 Kipepeo_wa_Dodoma

Natandika mkeka hapa. Swali la haraka: yaani huko mke anabaki na nyumba, mume ndiye anayefungasha? Huku kwetu mwanamke ndiye anayeonekana stendi na masufuria yake.

#3 Mjukuu_wa_Matondoni

Kipepeo, kwa wenye nyumba za mawe Amu binti akiolewa hupewa nyumba, au hujengewa ghorofa juu ya wazazi wake. Ukipita vichochoro vya Mkomani ukaona chumba kimevuka juu ya njia kushika nyumba mbili, hilo ni wikio, mtu alitaka mabinti zake wasiwe mbali. Mume ndiye anayehamia. Siku hizi nyingi zimeuzwa kwa wageni, lakini desturi ndiyo hiyo.

#4 Abu_Twaha

Na dini haiko mbali na hapo. Sura ya 65, aya ya kwanza, inakataza wanawake kutolewa majumbani mwao wakati wa eda. Dada, ilikuwa talaka moja au tatu? Maana kama ni moja, kulikuwa na nafasi ya kurejeana.

#5 Mwalimu_Mkali

Nimesoma kichwa cha uzi. Miaka 16, mvulana wa nini? Si asome.

#6 Binti_Tekani

Abu Twaha, ilikuwa moja. Eda ikaisha, hakuna aliyemwita mwenziwe. Nadhani kila mmoja alikuwa anangoja niletwe mimi na ujumbe, na ujumbe huo hakuna aliyenipa.

Mwalimu, nilisoma. Kiswahili nilipata A, ndiyo maana umefika hapa.

Niendelee. Baba alikwenda Malindi kwa binamu yake mwenye karakana ya samani. Mama akaapa hapokei simu yake. Baba akaapa hampigii. Pesa zikawa zinakuja kwa M-Pesa kwenye simu yangu, mulika mwizi yenye ufa, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi kwa kuwa mimi nilikuwa bado mtoto. Kila pesa ikija inakuja na maneno.

"Mwambie mamako elfu tatu ni za karo, zilizobaki za chakula."
"Mwambie babako karo ni elfu nne na mia mbili."
"Mwambie mamako nimesikia."
"Mwambie babako kusikia hakulipi."

Nilijifunza kuyaosha maneno njiani. "Kusikia hakulipi" ilifika Malindi ikiwa "Mama anashukuru, kama kuna ziada." Nikawa hodari. Wakati mwingine nilitunga kabisa. Niliwahi kumwambia mama kwamba baba ameuliza kama kifua chake kimepona. Hakuuliza. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Mwambie kimepona," na jioni ile aliimba akiosha vyombo. Mnaona hatari yake.

Sasa mapenzi. Sitasema nilipenda. Nilitafuta, kama mtu anavyotafuta kazi, mlango kwa mlango. Wa kwanza alikuwa wa Facebook, kwenye simu ya binamu yangu kila Ijumaa. Alisema yuko Muscat. Picha yake amesimama kando ya gari jeupe. Wiki mbili ni habibti kwa kwenda mbele. Wiki ya tatu akaniomba nimtumie kadi ya simu ya shilingi 50. Mtu yuko Muscat anaomba kadi ya Kenya! Nilicheka siku mbili. Siku ya tatu nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshamhadithia yote, hadi ile taa ya kiwandani.

Wa pili sina haja ya kumwandika, alinitazama mara moja kwenye harusi nami nikaishi juu ya mtazamo huo mwezi mzima.

Wa tatu alikuwa wa duka la wakala, Langoni. Mpwa wa mwenye duka, miaka 17, kidato cha tatu, anashika zamu baada ya Alasiri hadi watu waanze kukimbilia kafyu. Mimi huenda pale kutoa pesa za baba. Kwa hivyo yeye alizijua habari za nyumba yetu kwa tarakimu. Oktoba 6,000. Kisha 4,000. Kisha 2,500, kwa mafungu mawili.

Alikuwa na mtindo wake wa kuhesabu. Akimhesabia mwenye duka elfu kumi, anazigeuza noti nyuso zote za Mzee Kenyatta zitazame upande mmoja, anazigonga ukingo mezani zilingane, kisha anahesabu kwa sauti. Siku moja ya Novemba baba alituma 500. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja wa mtaani kwetu, na mwingine yuko nyuma yangu, na masikio ya watu mnayajua. Yule kijana akatoa noti tano za mia. Akazigeuza zote upande mmoja. Akazigonga mezani taratibu, mara mbili, kama fungu kubwa. Kisha akahesabu kimya, midomo tu inacheza, akanipa zimekunjwa.

Siku hiyo ndiyo.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo nimelielewa nikiwa mtu mzima. Mwaka ule kila niliyekuwa naye alinituma. Mama, baba, bibi, hata khalati zangu: "Hebu mchunguze mamako kama..." Yeye alikuwa hanitumi. Aliniuliza, "Umekula?" Jibu likawa langu, likaishia palepale mezani, sikulibeba kwenda popote. Akinipa mabuyu ananipa mimi. Nilikula hadi ulimi ukawa mwekundu, mama akauliza, nikasema ya shuleni.

Hatukuwahi kushikana hata kidole, kama kuna anayengojea hilo aende uzi mwingine. Lilikuwa dirisha la duka, nyavu katikati, dakika nne.

#7 Kipepeo_wa_Dodoma

Hizo noti tano zimenimaliza. Nimeolewa miaka tisa na huyu bwana hajawahi kunihesabia pesa namna hiyo.

#8 Nahodha_Mstaafu

Mimi ni baba wa namna hiyo, kwa hivyo nisikilizeni kabla ya kunipiga mawe.

Tuliachana na mama watoto 2009. Pesa nilimtumia binti yangu, sikumtumia mamake. Watu walisema namtesa mtoto. Labda. Lakini ningemtumia mamake, mtoto ningempata wapi? Pesa ndiyo ilikuwa kisingizio changu cha kupiga simu. Natuma shilingi mia tano, nangoja robo saa, napiga, nauliza, "Zimefika?" Anasema zimefika. Nasikia sauti yake. Kisha sijui la kusema, maana sisi wanaume wa zamani hatukufundishwa kuzungumza na mabinti kwenye simu. Nakata. Siku nyingine nilizigawa pesa mafungu mawili ili nipige mara mbili.

Hilo la mafungu mawili ndilo lililonifanya niandike. Nilikuwa nasoma kwa utulivu hadi nilipofika hapo.

#9 Binti_Tekani

Baba Nahodha.

"Zimefika?" Neno ni hilo hilo. Kila mara. Zimefika? Zimefika. Haya. Kisha tuuu, imekatika. Nilimchukia kwa "haya" ile. Nilikuwa nikimwambia yule kijana kwamba baba yangu ananipigia kuulizia pesa zake.

Na zile 2,500 zilikuja 1,500 Jumatatu na 1,000 Jumatano. Miaka yote hii nimejua ni kwa sababu hakuwa nazo.

Ngojeni kidogo.

#10 Mpole_wa_Malindi

Samahani naomba kuuliza. Mimi niko Malindi, Shela ya huku. Nina miaka 17. Wazazi wangu wameachana tangu Mfungo Tatu. Kuna mtu ananisikiliza sana, ananiletea vitu, anasema tukimaliza mtihani tutaondoka pamoja. Nyumbani hakuna anayeniuliza hata kama nimelala. Nitajuaje kama ni kweli?

#11 Bi_Kheri

Mwanangu, huyo mtu ana umri gani?

#12 Mpole_wa_Malindi

26. Lakini si mtu mbaya.

#13 Bi_Kheri

Sijasema ni mbaya, simjui. Nakuuliza tu: mtu wa miaka 26 mwenye nia ya kweli, mjini humu humu, anashindwaje kupita mlangoni kwenu mchana akamwamkia mamako? Mbona njia yake ni simu na giza? Na vitu anavyokuletea anakuletea mbele ya nani?

Mimi nimezaliwa Malindi. Wako wanaume, wa hapa na wa ndege, wanaijua nyumba iliyovunjika kama papa anavyojua damu. Wanaanza kwa kusikiliza. Usisafiri naye, usimpe picha yako, usikutane naye mahali palipofungwa. Leo, si kesho, mtafute shangazi yako au mwalimu wa kike unayemwamini umwambie kama ulivyotuambia sisi. Na usikate simu ukajifungia, rudi hapa unijibu.

#14 Karani_Mstahiki

Nimefanya kazi mahakamani, niseme mawili matatu.

Mpole: Kenya aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, Sheria ya Ndoa ya 2014 hairuhusu ndoa chini ya umri huo, na mtu mzima anayemwingiza mtoto kwenye mahusiano ya kimwili anavunja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, hata mtoto akisema amekubali. Kosa ni lake, si lako. Namba 116 ni ya watoto, haina malipo, unaweza kupiga ukazungumza bila kugombezwa.

Kwa wazazi: talaka ya Waislamu iko kwa Kadhi, kifungu cha 170 cha Katiba. Lakini matunzo ya mtoto hayaishi na ndoa. Kifungu cha 53 kinasema baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 imelieleza kwa urefu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto ndiye awe tarishi wa masurufu. Nimeona watoto wa miaka 10 wanakuja kaunta na bahasha.

#15 Mwalimu_Mkali

Bado nasema asome. Ila nikiri kitu. Nina mwanafunzi kidato cha pili, tangu mhula uanze anaangalia saa ya ukutani kila baada ya dakika tano. Nilimpiga marufuku kukaa upande ule. Sasa najiuliza anangoja nini. Jumatatu nitamrudisha kiti chake.

#16 Mpole_wa_Malindi

Nimemwambia shangazi. Amelia kisha ameniambia nihamie kwake. Asanteni. Sitaandika tena, simu anaichukua.

#17 Bi_Kheri

Alhamdulillahi. Mpe hiyo simu, mwanangu, mpe.

#18 Binti_Tekani

Nimerudi. Jana niliyafikiria maneno ya Nahodha hadi chai ikapoa.

Disemba ile niliruhusiwa kwenda Malindi. Mashua hadi Mokowe, kisha basi, na mabasi wakati ule yalisindikizwa na askari. Barabara ya kwenda Garsen ilikuwa bado ya vumbi, ukifika unajikung'uta buibui linatoa wingu. Baba alinipokea stendi. Alikuwa amekonda na amenyoa ndevu, akafanana na picha yake ya ujana ambayo mama aliitia droo ya chini.

Tulikwenda kula aiskrimu ya Waitaliano. Kiitaliano chake kilikuwa kama maneno sita, na yote sita aliyatumia kaunta ile kwa ajili yangu. Kisha tukatembea hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule Mreno aliyetia nanga hapo 1498. Watu wanapiga picha na bahari, baba anainama kukagua jinsi msalaba ulivyoshikwa juu ya nguzo. Akasema kazi safi. Nikangoja aseme la pili. Akasema, "Mamako anasemaje?"

Nilikuwa na majibu kumi tayari, yameoshwa na kupigwa pasi. Nikasema, "Hajambo."

Kabla sijarudi alinipa kijikasha cha mkono, nakshi pande zote nne, chini amechonga herufi ya kwanza ya jina langu. Hakusema "mpelekee mamako." Mimi nilingojea aseme. Nilikuwa nimeshazoea hivi kwamba begini nilikiweka upande wa vitu vya watu.

Januari shule ikafunguka. Siku ya kwanza ya kutoa pesa nilivaa ushungi mpya. Kijana alikuwa amerefuka, au mimi ndiye niliyekuwa nimesahau. Tukaulizana hali. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogea karibu na nyavu, na moyo wangu ukaanza kupiga masikioni. Akapenyeza karatasi iliyokunjwa mara nne, ndogo kama sambusa ya harusini.

Akasema, "Mpelekee rafiki yako. Yule mnayetoka naye shule. Mwambie anijibu."

#19 Mjukuu_wa_Matondoni

Laa ilaha illallah.

#20 Kipepeo_wa_Dodoma

NIMEPIGA KELELE MUME AMEAMKA. Uliifikisha? Hiyo karatasi uliifikisha?

#21 Nahodha_Mstaafu

Kijana mjinga. Lakini nadhani alikuchagua kwa sababu alikuona unajua kubeba.

#22 Binti_Tekani

Hilo, Nahodha, liliniuma zaidi ya karatasi yenyewe.

Jana usiku nilimhadithia mtoto wa dadangu. Sikupanga. Jioni dadangu alinishika mlangoni akanipa bahasha, "Mpe mtoto ampelekee babake, ni risiti za dawa." Nikasema nipe mimi. Nikaenda nayo mwenyewe hadi Gadeni kwa shemeji, nikamkabidhi, tukatazamana kama wapumbavu, nikarudi. Mtoto aliniona kutoka dirishani. Niliporudi alikuwa kwenye ngazi yake. Nikakaa daraja ya chini yake, nikaanza na kafyu.

Nilipofika kwenye karatasi akaniuliza swali la Kipepeo: "Uliifikisha?"

Niliifikisha. Nilitembea nayo kiganjani kutoka Langoni hadi kwao rafiki yangu, nimeifumba hivi kwamba wino ulinipaka. Rafiki yangu aliifungua mbele yangu, akaisoma kwa sauti ya kuigiza, makosa ya tahajia matatu, akacheka hadi akakaa chini. Akairudisha mkononi mwangu. Akasema, "Mwambie sitaki."

Nikageuka. Wallahi, miguu ilikuwa imeshaanza kwenda, nimefika kwenye daka lao. Hapo ndipo nilipoangalia kiganja kikiwa cha buluu. Nikarudi ndani, nikaiweka karatasi juu ya mkeka, nikamwambia, "Nenda kamwambie mwenyewe."

Nikafika nyumbani. Mama yuko jikoni anakuna nazi, mgongo kwangu. Hata salamu sijamaliza, akasema, "Mwambie babako mafuta ya taa yameisha na—"

Nikasema, "Mpigie."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Sijawahi kumjibu mama hivyo kabla wala baada. Nilidhani atanipiga mwiko. Hakugeuka. Akaendelea kukuna, taratibu, muda mrefu, kifuu kile kilikuwa kimekwisha nazi anakuna gamba tu.

Usiku nikampigia baba mimi. Nikamwambia pesa zijazo atume kwa simu ya mama. Akanyamaza. Nikadhani imekatika. Akasema, "Na wewe nitakupigia kwa ajili ya nini?" Nilidhani ananilaumu, na hadi Nahodha alipoandika hapa nimedhani ananilaumu. Nikamwambia, nipige uniulize kama nimekula.

Siku tatu simu ya mama ilikaa kimya juu ya kabati. Siku ya nne, baada ya Magharibi, milango imefungwa, mimi niko kwenye ngazi yangu. Ikalia. Ikalia hadi ikakatika. Ikalia tena. Nikasikia mama anajifuta mikono. Nikasikia, "Haloo."

Mtoto akaniuliza, "Bibi alisema nini baada ya haloo?"

Nikamwambia, alisema, "Zimefika."